Uji Nilioumwaga Ofisi ya Mtaa

Nilikipiga kile kikombe kwa kiganja kama mtu anavyopiga nzi. Uji ukaruka, ukammwagikia mhudumu wa afya kifuani, mwingine ukamrukia mtoto wa mwenzangu mguuni, na kikombe chenyewe, cha plastiki, kikabingirika mpaka kwenye viatu vya mgeni wa kutoka halmashauri. Mwanangu alikuwa mapajani mwa yule mhudumu, midomo imejaa uji, anageuza shingo kutazama kikombe kimekwenda wapi. Ndipo akalia. Hakulia kwa kishindo. Alilia kwa kuwa alikuwa bado anautaka.

Uji ulikuwa umeshapoa. Nashukuru Mungu kwa hilo, maana mimi sikuuliza kama ni wa moto au wa baridi. Nilimnyakua mtoto kwa mkono mmoja, nikamwingiza kidole kinywani atapike, mbele ya watu wote, na nilitamka neno ambalo mama yangu mzazi angelisikia angenikana. Kumwaga chakula cha watoto mbele ya mgeni, tena wa serikali! Kuna mama mmoja alivuta kanga akaziba mdomo, na nilijua hazibi mshangao, anaziba kicheko.

Hiyo ilikuwa siku ya jiko darasa mtaani kwetu, Chuno. Watoto wanapimwa kwanza, kisha kila mama anatoa alichokuja nacho, kinapikwa sufuria moja, watoto wanalishwa pale pale uwanjani pa ofisi ya mtaa ili sisi tujifunze lishe. Jambo jema. Silipingi. Ila mwanangu hali ngano, na uji ule ulikuwa wa unga wa lishe uliosagwa na ngano ndani yake, na aliyempa alikuwa anajua.

Ngoja nieleze alianzaje.

Alizaliwa mzima, mnene, mpaka wifi zangu wakawa wanamtania kwamba kiboko wa Ruvuma amepanda mjini. Alipoanza kula ndipo mambo yakaharibika. Nilimpa anavyopewa kila mtoto wa hapa: uji wa lishe, chapati iliyochovywa kwenye chai, biskuti ya kumtulizia wakati nafua. Akaanza kuharisha kinyesi chenye harufu ya kitu kilichooza. Tumbo likaja mbele kama ngoma, mikono na makalio vikanywea, nywele zikawa nyepesi. Nikapewa dawa ya minyoo. Nikapewa dawa ya malaria. Nikapewa maji ya chumvi na sukari na maneno ya kunitaka niwe msafi. Nilinawa mikono mpaka ngozi ikapasuka.

Mwisho tukapewa rufaa ya Dar. Huko daktari mmoja, msichana ambaye nadhani tunalingana umri, akamtoa damu, akampitisha kamera kooni, akatuita mimi na mume wangu akatuambia kwamba ngano inamchubua mtoto utumbo kwa ndani. Ngano na shayiri. Dawa hakuna. Dawa ni kuacha.

Mume wangu anaendesha bajaji, ni mtu wa maneno machache, lakini siku ile aliuliza kama mtoto.

"Hata mkate?"

"Hata mkate, baba. Hata biskuti. Hata tambi za futari."

"Kwa muda gani?"

"Maisha yake."

Mume wangu akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeambiwa kitu kisichowezekana. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu kichwani nyumba ambazo mtoto hataweza kuingia.

Mtu ambaye hajakatazwa ngano hajui imejificha wapi. Andazi na chapati unaziona. Lakini kitumbua, ambacho kila mtu anajua ni mchele, mama wa pale kona yetu anakitia ngano kidogo kishike. Nilimuuliza mara ya kwanza akakataa. Mara ya pili akanijibu kwa hasira kama nimemuuliza kabila la mumewe. Samaki wa kukaanga wa jioni wengine wanapakwa ngano wasinate kwenye karai. Na mashine ya kusaga ndiyo balaa kuu: mahindi yako safi yanaingia tumbo lile lile lililotoka kusaga ngano ya lishe ya mwenzako, na unga wa kwanza kutoka si wako. Nilimwomba msagaji anipe zamu ya kwanza asubuhi. Akaniambia, dada, hata nikikupa zamu ya kwanza, ngano ya jana itakuwa imekwenda wapi?

Kwa hiyo nikaacha mashine. Nikarudi kwenye muhogo na kinu.

Hapo ndipo aibu ilipoanza, na sitaki kuisema nusu. Mimi nimekulia Mikindani. Kwetu muhogo ulikuwa wa kuchemsha na nazi, kitu cha hamu. Ugali wa makopa, ule muhogo uliokaushwa, ulikuwa chakula cha watu wa shamba, tukiwacheka. Leo niko mjini, nimesoma mpaka kidato cha nne, tumepanga kwenye nyumba yenye umeme na ua wa wapangaji wengi, na mimi ndiye natwanga makopa uani kama ndiyo kwanza nimetoka shamba. Kinu hakifichiki. Kinapiga, ukuta unaitika. Nilikuwa nasubiri wenzangu waende sokoni ndipo nitwange. Nikishasonga ugali wake nafunga mlango. Mtu akigonga, nafunika sahani kwanza, nafungua baadaye.

Muhogo wenyewe ulimpenda. Makopa yalikuwa yanatoka kwa mama mkwe wangu, ambaye analima karibu na Ruvuma, kule ambako ukoo wao ulivukia kutoka Msumbiji zamani za vita. Nilikuwa nachanganya unga na karanga, siku nyingine na korosho zilizovunjika, na dagaa niliowatwanga mwenyewe. Mtoto akaanza kulala usiku kucha. Akaanza kucheka. Nyama ikarudi polepole sana, kama mtu anayelipa deni huku analaumu.

Lakini macho ya watu hayasubiri polepole.

Kwetu mtoto mdogo akikonda vile, tumbo mbele na miguu kama fito, watu hawasemi anaumwa. Wanasema amebemendwa. Maana yake mama yake, akiwa ananyonyesha, ametoka nje ya ndoa, akarudi na uchafu wa mwanamume mwingine akamkumbatia nao mtoto. Hakuna anayekuambia usoni. Wanamtazama mtoto, halafu wanakutazama wewe kuanzia kiunoni kushuka. Unapita na mtoto mgongoni, mazungumzo yanakatika, ukishapita yanaunganishwa. Nilianza kumfunika kanga mpaka miguuni wakati wa joto kali. Jioni tukawa tunakwenda kutembea Shangani, mbali na nyumbani, kwa sababu tu watu wa kule hatujuani. Hata huko mama mmoja mpita njia alimpa mwanangu biskuti kwa huruma. Nilipoichukua mkononi mwa mtoto akaniuliza, "Kwani wewe ni mama yake wa kambo?"

Mama mkwe ndiye peke yake aliyenijia moja kwa moja. Alishuka na kiroba cha makopa, akakiweka, hakunywa hata maji. Akaniita chumbani akafunga mlango. Kiswahili chake kina Kimakonde kingi, kinakwenda taratibu, kila neno linawekwa chini kama mzigo.

"Mkamwana, niambie mimi kabla sijaambiwa na watu. Umemfanya nini mtoto wa mwanangu?"

Nikamwambia sijafanya kitu. Akanitazama mpaka nikatamani angenipiga. Nikaapa. Nikamwonyesha karatasi ya hospitali ambayo hawezi kuisoma. Akaishika akaipindua, akanirudishia. Akatoka uani, akakaa kwenye kinu changu mchana kweupe, wapangaji wote wapo, akatwanga makopa yote aliyokuja nayo, na hakuniuliza tena. Sijui hata leo aliniamini au aliamua tu. Wala sijathubutu kumuuliza.

Sasa mhudumu wa afya. Ni jirani, kanizidi umri, watoto wake wakubwa. Watu wanamwita dokta na yeye haikatai. Si mtu mbaya. Aliwahi kunisindikiza kliniki na mvua. Kabla ya siku ile nilimfuata kwake nikamweleza yote, nikampa karatasi akaisoma, tena yeye anajua kusoma vizuri. Nikamwambia nitakuja na unga wangu wa muhogo na sufuria yangu ndogo, nimpikie mwanangu pembeni, maana nisipokuja watasema namficha. Akasema, "Njoo mdogo wangu, hakuna neno. Utapika kwenye jiko la pili."

Nikaenda. Tulianza na vipimo. Kuna ule utepe wa kupimia mkono wa mtoto, una rangi tatu: kijani yuko sawa, njano yuko mashakani, nyekundu apelekwe hospitali. Anayepima anatamka rangi kwa sauti, mwingine anaandika. Kijani, kijani, kijani. Akafika kwa mwanangu. Mkono ule mimi nilikuwa naujua ulivyokuwa, mwezi mmoja kabla ulikuwa nyekundu, kwangu njano ilikuwa sherehe. Akatamka, "Njano." Uwanja mzima ukasikia njano. Hakuna aliyesikia kwamba imetoka nyekundu. Niliinamisha kichwa kama mwizi aliyepatikana na kuku.

Nikabandika sufuria yangu. Maji yakaanza kuchemka. Ndipo mwenyekiti wa mtaa akasema maji ya kunawa wageni yamekwisha, nani mwepesi, na mimi kwa kuwa nilikuwa pembeni peke yangu na sufuria yangu kama mwenye ukoma nikaona afadhali nionekane nina faida. Nikamwachia mhudumu mtoto, nikachukua ndoo, nikaenda bombani nyuma ya ofisi.

Niliporudi, sufuria yangu ilikuwa imeepuliwa, iko chini, unga wangu haujatiwa. Mwanangu yuko mapajani mwa mhudumu ameshika kikombe cha uji wa wote kwa mikono miwili, anagugumia. Anamaliza anaongezwa. Naye anamwonyesha kwa kina mama, amenyoosha mkono kama muuza kitenge.

"Mnamwona? Njaa tupu hii. Hamna jingine. Mtoto alikuwa na njaa."

Ndoo ilianguka, sikuiweka. Yaliyofuata nimeshayasema.

Yaliyofuata baada ya hapo sikuyasema, kwa sababu hakuna mtu aliyekuja kuyaona. Alitapika njia nzima. Jioni tumbo likaanza. Ilikuwa kama tumerudi mwanzo: nguo, maji, kinyesi, kilio chembamba kisicho na nguvu ya kuwa kilio. Wiki nzima na zaidi. Ile nyama kidogo niliyoitwanga kinuni, niliiona ikiondoka, nikimkumbatia naikuta mifupa. Mume wangu akawa anakuja mchana, anaegesha bajaji, anakaa kitandani na miguu ya mtoto mkononi, halafu anarudi kazini. Hakunilaumu kwa kumwachia mtu mtoto. Ningependelea anilaumu.

Mtoto alipoanza kushika maji, mwenyekiti akaniita ofisini. Nilidhani ananiita anipe pole. Kumbe nimeshtakiwa. Nimemdhalilisha mtumishi wa afya, nimemwaga chakula, nimetoa lugha chafu mbele ya mgeni, mtaa umeaibika. Mwenyekiti ni mzee mpole, hapendi kesi. Alikuwa ameshaagiza soda tatu, zimepangwa mezani.

"Binti, hapa hatuhukumiani," akasema. "Mwombe dada yako radhi, mnywe soda, mpeane mikono, tumalize kifamilia."

Nikamuuliza yule mhudumu swali moja tu. Nilimuuliza kama karatasi ya hospitali aliisoma au hakuisoma.

"Niliisoma."

"Ukaielewa?"

"Niliielewa." Akamtazama mwenyekiti, akanitazama mimi, akashusha sauti. "Mdogo wangu, nisikilize. Wewe ulipoenda bombani, wale wanawake walianza. Walisema umembemenda mtoto, ndiyo maana unampikia peke yake, una dawa ya mganga kwenye ule unga. Mgeni anasikia. Mimi ningefanyaje? Niwaambie ngano? Nani atakubali kwamba chapati inakondesha mtu? Nikaona wamwone anakula, wajue ni njaa tu. Njaa kila mtu ameshaishi nayo, haina aibu kama ile. Nilikusitiri."

Nilikaa nikitazama zile soda zinavyotoka jasho. Aibu niliyoisikia hapo sikuwahi kuisikia uwanjani, wala chumbani mbele ya mama mkwe. Kwa miezi yote ile nilijua wanasema, lakini nilikuwa nimejipa ruhusa ya kudhani labda najishuku mwenyewe. Sasa nimeambiwa kwa mdomo wa mtu, mchana, mbele ya mwenyekiti. Na mbaya zaidi, kuna sehemu yangu ilitaka kumshukuru. Nasema kweli. Nilikaribia kuinua soda. Mwanamke huyu alikuwa amechagua kati ya jina langu na tumbo la mwanangu, akachagua jina langu, na mimi nilikuwa najua kwa nini, kwa sababu ndivyo na mimi nilivyokuwa nikichagua kila nilipofunga mlango kabla ya kupakua.

Kisha hasira ikarudi, na nikaishika vizuri isiniponyoke.

Nikamwambia, "Dada, ulinisitiri kwa tumbo la nani?"

Mwenyekiti akasema nisiende mbali, dada yako amekueleza nia yake, nia ndiyo kitu. Nikamwambia nia haiharishi. Akakunja uso, lakini nikaona anazuia kucheka, na hilo likanikera zaidi. Nikasimama. Yule mhudumu akaanza kulia, kilio cha kweli, akasema basi niende nikamshtaki ninakotaka, Mungu anajua yeye alitaka kunisaidia. Sikumpa mkono. Sasa hivi tukikutana dukani mmoja wetu anajifanya amesahau kitu, anarudi.

Nilikwenda idara ya afya ya halmashauri kuandikisha malalamiko. Mume wangu alinipeleka akaniuliza njiani kama nina hakika, watu watasema zaidi. Nikamwambia watakayosema yamekwisha, wameshafika mwisho wa maneno. Nilikuwa nimeandika nyumbani, nikachana, nikaandika tena. Barua ya kwanza ilikuwa ndefu, imejaa maneno ya Kiswahili cha shule na "kwa heshima na taadhima", haina hata mara moja lile neno la kubemenda. Nilikuwa nimeandika "maneno yasiyofaa". Nikajiuliza nani atajua maneno gani. Nikachana.

Karani wa masijala, kijana msafi mwenye tai, aliisoma ya pili kwa kidole. Alipofika kwenye neno lile kidole kikasimama.

"Dada, hili huwezi kuliacha kwenye barua ya serikali. Tuweke 'mambo ya kifamilia'."

"Walisema mambo ya kifamilia?"

"Hapana, lakini…"

"Basi liache."

Watu wawili waliokuwa kwenye benchi nyuma yangu waliacha kuongea. Nilitamani kanga ya kujifunika. Nikabaki nimesimama pale na mtoto wangu mkononi, miguu yake wazi, mpaka alipoigonga muhuri.

Iliandikwa hivi:

"Mimi ni mkazi wa Chuno, mama wa mtoto wa kiume wa miaka miwili. Namlalamikia mhudumu wa afya wa mtaa wetu. Siku ya jiko darasa alimlisha mwanangu uji wenye ngano bila idhini yangu, hali akiwa amesoma karatasi ya hospitali inayokataza. Mtoto aliugua zaidi ya wiki. Pia aliwatangazia kina mama kwamba mtoto ana njaa, akijua si kweli. Anasema alifanya hivyo kwa sababu kina mama walikuwa wanasema nimembemenda mtoto. Sikumbemenda mtoto wangu. Sikumnyima chakula. Anaumwa ugonjwa wa kudhuriwa na ngano na nakala ya hospitali nimeambatanisha. Mimi nilimwagia mhudumu uji na nilimtukana, na kwa hayo mawili niko tayari kuitwa. Siombi afukuzwe. Naomba siku ya jiko darasa lijalo asimame yeye mwenyewe, mbele ya kina mama wale wale, awaambie kwa sauti ile aliyotamkia rangi ya utepe, mwanangu anaumwa nini na hali nini. Nitakuwepo."